Mikono Kumi na Mmoja ya Rangi

Jumamosi, 13 Aprili

Injini imeingia. Pistoni nane! Imekaa ndani ya gari la marehemu baba kama askofu kwenye kiti chake. Nimepaka rangi kila kitu: injini, vishikizo vyake, bolti, matundu ya bolti, hata ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Nyekundu ya divai yenye chembe za dhahabu, mikono kumi na mmoja, mmoja juu ya mwingine. Unaweza kunyolea ndevu pale. Sisi wa bonde hili hatushindani mbio. Tunayashusha magari yetu mpaka yanakaribia kulamba lami, halafu tunashindana kwenda polepole na kupendeza. Mwaka huu sioni wa kunishinda.

Saa kumi jioni nikazungusha ufunguo. Stata ikazungusha injini vizuri tu, kwa nguvu, kwa adabu. Haikuwaka. Nikajaribu tena. Haikuwaka. Mama akauliza kutoka dirisha la jikoni kama gari linasali rozari. Nikasema linapumzika.

Mama hajui kwamba nimebadilisha injini. Anajua nimepaka rangi, basi. Nitamwambia, nikipata nafasi nzuri. Kila Ijumaa Kuu tangu baba afariki nampeleka kanisani kwa gari hili, yeye amekaa mbele, mkoba mapajani, hasemi neno mpaka tufike. Msimu huu wa baridi magoti yamemkatalia. Hajatoka nje ila kwenda kwa daktari. Ameniambia hataki zawadi wala keki wala mgeni, anataka Ijumaa Kuu, ndani ya gari la Celedonio wake, na tusichelewe.

Injini ya zamani, ile ya pistoni sita, nimeiacha uani kwa binamu yangu Onofre, mtoto wa mjomba, kwa kuwa winchi ya kunyanyulia ni yake. Alitaka kuifungia msumeno wa kuni. Nikampa. Ilikuwa inakohoa kila ikisimama, aibu tupu. Onofre akauliza kama nimemwambia shangazi. Nikamjibu kila mtu na nyumba yake. Akacheka kwa pua. Ana hofu huyo. Mwaka jana gari lake ndilo lililoongoza msafara wa magari wa Ijumaa Kuu.

Jumapili, 14 Aprili. Matawi

Petroli inafika, naisikia harufu. Kwa hiyo ni moto. Nilichomoa plagi moja nikaigusisha kwenye stata, kitu pekee ambacho sikukipaka rangi (kiko chini, hakionekani). Kisha nikatundika kioo cha Mama cha kujipodolea ili niione ile plagi nikiwa nimekaa kwenye usukani. Mpango wa akili sana. Nikazungusha ufunguo. Plagi haikutoa hata cheche ya kuwashia sigara.

Kioo kimeanguka kikavunjika. Nimemwambia Mama ni paka. Hatuna paka. Akasema basi itabidi tumtafutie huyo paka maziwa.

Nimeweka tawi lililobarikiwa chini ya boneti. Halina madhara.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimefunga koili mpya. Hakuna moto. Plagi mpya nane, kifuniko kipya cha distributa, nyaya mpya, nyekundu, zimependeza mno. Hakuna moto. Nimepima kwa mita: umeme unafika kwenye koili kama kawaida. Unafika, unakaa, haufanyi kazi. Nilikuwa na mjomba wa namna hiyo.

Nikabuni hila. Nikaenda kwa Onofre kama mtu anayepita tu, nikamweleza habari ya rafiki yangu mmoja wa Colorado, maskini, amebadilisha injini, stata inazungusha, moto hakuna. Onofre alikuwa anakula maharage. Hakuinua hata macho. Akauliza huyo rafiki wa Colorado amepaka rangi kila kitu, siyo? Nikasema sijui, labda, kwa nini unauliza.

Akasema kile kisanduku kinachoamuru moto wa plagi hakina waya wa kurudishia umeme. Kinaurudisha kupitia mgongoni mwake, chuma kwa chuma, pale kilipofungwa ukutani. "Umeme ni kama mgeni," akasema. "Umemfungulia mlango wa kuingia, mwachie na wa kutokea. Mwambie huyo jamaa yako akifungue kisanduku, akwangue rangi mpaka aone chuma cheupe, akirudishe. Kazi ya kumaliza kikombe cha kahawa." Halafu akauliza kama huyo rafiki ameshamwambia mama yake.

Nimerudi nyumbani damu inachemka. Akwangue! Mikono kumi na mmoja! Nimekaa miezi mitano napuliza rangi nimefunga kitambaa puani, halafu niikwangue kwa ushauri wa mtu ambaye gari lake litaonekana chuma chakavu mbele ya langu? Wivu hauna dawa.

Jumanne, 16 Aprili

Nimeamua kisanduku chenyewe ndicho kibovu. Dukani hakuna kingine mpaka wiki ijayo. Ila Onofre anacho kama hicho hicho garini mwake, na Onofre anaendesha basi la shule, harudi mpaka saa tisa. Sikuiba. Niliazima bila kumsumbua.

Nikakifunga ukutani pale pale kwenye rangi. Stata, stata, stata. Hakuna moto. Kumbe cha Onofre nacho kimekufa! Nilimwonea huruma kidogo, nakiri, na furaha kidogo. Nikakirudisha. Kwa kuwa mimi ni mtu wa haki nikajaribu kuwasha gari lake, ili nikimpa habari mbaya niwe na hakika.

Likawaka mara moja.

Nilikaa pale kwenye kiti chake likinguruma, nawaza. Nimefikia kwamba vifaa vingine humzoea mwenyewe na hukataa kumtumikia mgeni. Ningewaza zaidi lakini basi la shule likaingia uani. Nikamwambia Onofre nilikuwa namwashia gari lipate joto. Akanitazama, akautazama mkono wangu wenye spana. Akauliza kwa upole kama na yule rafiki wa Colorado amekuja. Nikaondoka.

Njiani nilianza kujuta. Siyo sana. Ila nilikumbuka gari la baba lilivyokuwa likiwaka hata theluji ikiwa imefika magotini. Lilikohoa, likatulia, likaenda. Miaka yote ile halikuwahi kutuacha njiani.

Jumatano, 17 Aprili

Mama amesema wiki nzima hajalisikia gari. Amesema hivyo huku anachagua ngano iliyochipua ya kupikia panocha, uji wetu mtamu wa Kwaresima, bila kuniangalia. Baba alipokuwa hai, amesema, alikuwa akiisikia injini tangu pale darajani, anaweka sufuria motoni, na baba akifungua mlango chakula kiko tayari. Kikohozi kimoja kwenye kona, cha pili kwenye geti. Sikuwahi kuijua habari hiyo. Nimeishi nyumba hii miaka hamsini na mbili.

Ningemwambia pale pale. Nilifungua kinywa, na kilichotoka ni kwamba Wiki Takatifu gari linafunga, halili petroli. Mama akasema hajawahi kusikia kitu cha namna hiyo. Nikasema ni desturi mpya.

Na hapo ndipo mpango ukanijia, mzima mzima! Msafara huanzia juu, kwenye uwanja wa makaburi, huteremka kilima mpaka chini. Kuteremka hakuhitaji injini. Nitateremka kimya, kwa heshima ya Ijumaa Kuu, Mama pembeni yangu, watu wamevua kofia. Kutoka darajani hadi kanisani kuna mwinuko mdogo, lakini kwa kasi ya kutosha gari litapanda lenyewe.

Nikaenda kwa Padri Baudelio kumweleza nia yangu ya kiroho, nikamwomba niongoze msafara. Machozi yakamlengalenga. Akanishika mabega akasema hakutegemea jambo kama hili kutoka kwangu. Amekubali niongoze. Akaongeza kwamba wazo ni zuri mno kuachiwa mtu mmoja, atatangaza magari yote yateremke injini zikiwa zimezimwa.

Sawa. Haidhuru.

Alhamisi Kuu, 18 Aprili

Alfajiri gari limepandishwa makaburini kwa trekta ya jirani, likiwa limefunikwa turubai. Nilimwambia Mama nimelipeleka mapema kuwahi nafasi. Onofre tukapishana naye njiani akiwa na basi lake. Akafungua dirisha, akauliza, "Tello, gari la pistoni nane linavutwa na trekta ya pistoni mbili?" Nikasema nahifadhi matairi. Watoto wote kwenye basi walicheka. Wanafundishwa nini shuleni siku hizi.

Alirudi jioni. Hakutania safari hii. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema binamu, acha ubishi, nipe nafasi ya kunywa kikombe kimoja cha kahawa pale kwenye gari, shangazi asiaibike kesho. Nikamwambia rangi yangu haiguswi. Akasema rangi hupakwa tena. Nikasema kila mtu abebe msalaba wake. Akaenda zake.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Niandike tu. Nisipoandika leo sitaandika kamwe.

Mama aliletwa juu na Onofre. Alivaa gauni jeusi na kitambaa alichopewa na baba. Alizunguka gari, akapitisha kiganja kwenye rangi, akasema baba yako angetamani kulila. Nilijisikia mfalme. Akaketi, mkoba mapajani. Padri akainua msalaba. Nikaachia breki.

Tuliteremka. Sitasahau kuteremka kule. Bonde zima kimya, upepo tu na matairi. Nyuma yetu magari yote yanameta, yamelala chini, hakuna hata moja linalotoa sauti. Watu pembeni wamevua kofia. Mwanamke mmoja alikuwa analia. Nilisahau kabisa kwamba nadanganya. Mama tu ndiye aliyekuwa hatulii. Aliinamisha sikio upande wa boneti, akaninong'oneza, "Mbona silisikii?" Nikamwambia ni amri ya padri. Akasema, "Nilidhani angalau wewe utawasha kidogo."

Tukavuka daraja. Tukaanza kupanda. Gari likapanda kidogo, likapungua mwendo, likasimama. Likaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki. Mnara wa kanisa ulikuwa mbele yetu, karibu tu, mtu angeweza kurusha kofia akaupiga.

Nyuma magari yakaanza kuwashwa, moja baada ya jingine, ili yapande. Na mimi niko mbele, katikati ya njia nyembamba. Nikazungusha ufunguo. Stata ikafanya kazi yake. Hakuna moto. Hakuna aliyepiga honi, ni Ijumaa Kuu. Walisubiri tu. Ingekuwa afadhali wapige.

Onofre akaja mbio na kisu chake cha mfukoni. Akasema, "Tello, niruhusu." Nikasema hapana. Nilisema hapana! Mama yangu ameketi pale, msafara wote umekwama, padri amesimama na msalaba begani, nami nasema hapana, utaikwaruza.

Mama akauliza kisu ni cha nini. Onofre akamweleza kwa heshima kwamba kuna rangi mahali panapotakiwa kugusana chuma na chuma, ikikwanguliwa gari litawaka. Mama akafungua mlango. Akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akajishika kwenye gari mpaka mbele. Akasema nifungue boneti. Nikafungua.

Aliitazama ile injini kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeipaka rangi hadi kifuniko cha mafuta. Akauliza, "Hii ya nani?" Onofre alitazama viatu vyake. Mama hakuuliza tena. Alingoja Onofre afungue kisanduku, kisha akamwomba kisu, akakwangua ukuta kama anayekwangua ukoko wa sufuria, taratibu, mpaka chuma kikatoka cheupe. Akamrudishia Onofre kisu chake. Onofre akafunga bolti. Nikazungusha ufunguo.

Ikawaka mara moja. Ilinguruma vibaya sana. Njiwa wote walitoka kwenye mnara. Mtoto mmoja aliziba masikio. Niliwaza, sasa Mama atafurahi. Kweli niliwaza hivyo.

Akafunga mlango wa gari kutoka nje, polepole, kwa mikono miwili, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Akaniambia kupitia dirishani, "Huyu simjui." Akamshika Onofre mkono, akapanda kwa miguu.

Magoti yale. Alisimama mara nyingi kupumzika. Nilimfuata nyuma kwa gia ya kwanza, injini ikiunguruma, kwa sababu niliogopa kuizima isije ikakataa kuwaka tena. Nilimfuata hivyo hadi mlango wa kanisa. Watu walinipisha. Hakuna aliyetazama rangi.

Jumamosi, 20 Aprili

Sikutoka kitandani mpaka adhuhuri. Mama ameniachia panocha mezani, imefunikwa sahani. Hajanigombeza. Angenigombeza ningepona.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi hata mtoto sina, nimepata mjukuu moja kwa moja. Najuta. Najuta kung'oa injini ambayo haikuwa na kosa. Najuta nilipoonyeshwa dawa Jumatatu nikaiita wivu. Najuta lile la paka. Mama alitaka kitu kimoja tu, na alikuwa ameketi ndani yake, na hakikuwemo.

Nimekwenda kuangalia ule mkwaruzo. Ni mdogo kuliko nilivyodhani. Kisanduku kinaufunika wote.

Jumatatu, 22 Aprili

Mama hakuwepo nyumbani mchana. Nilishtuka. Nikatoka kumtafuta, na kabla sijafika kwa Onofre nikaisikia. Inakohoa, kisha inatulia. Nilitaka kukimbia nyumbani kunawa mikono, kwamba baba karudi na mimi ni mchafu.

Onofre ameifunga injini ya zamani kwenye fremu ya mbao, uani, msumeno bado hajaufunga. Ameweka kiti mbele yake, na Mama ameketi pale amefumba macho, mkoba mapajani. Onofre anapasua kuni kwa shoka upande wa pili, kimya kimya, kama vile hayupo. Nikasimama nyuma ya gari lake. Nikatoa simu, nikarekodi. Sikujua kwa nini. Mkono ulifanya wenyewe.

Baadaye Onofre alinifuata getini. Akasema binamu, ichukue. Sitaki kitu. Wewe na mimi, kesho tunaitoa ile, keshokutwa tunairudisha hii, Jumapili shangazi anakwenda misa kwa gari la mumewe. Msumeno nitautafutia injini nyingine. Nilimshika mkono tu. Ni mtu mwema, Onofre, nimekuwa nikimsema vibaya humu bila sababu. Nikamwambia nitakuja asubuhi.

Jumanne, 23 Aprili

Nimepata! Wazo limenijia wakati nanyoa ndevu. Kwa nini nitoe injini ya pistoni nane, iliyopakwa mikono kumi na mmoja, kwa ajili ya sauti? Mama hataki injini. Anataka sauti. Na sauti ninayo kwenye simu.

Spika mbili kubwa, nyuma ya ile grili ya mbele. Ekzosi niibane isitoe kelele. Mama akiketi, nabonyeza, baba anakohoa kwenye kona, anakohoa kwenye geti. Onofre hataamini masikio yake. Hakuna gari lenye kitu hicho bonde zima.

Amepiga simu asubuhi kuniambia winchi iko tayari, na kahawa. Nikamwambia nina homa. Mama naye ameuliza kama ni kweli alivyosema Onofre, kwamba injini ya Celedonio inarudi. Nikamjibu ndiyo, Mama, utaisikia Jumapili. Akaniwekea kiganja shavuni. Hajafanya hivyo tangu mazishi. Nilikaribia kulia. Kisha nikaenda kupima nafasi ya spika.

Nimeisikiliza rekodi mara kadhaa. Ni safi sana. Kuna mahali pamoja tu pana kasoro, katikati, Mama anasema kwa sauti ndogo, "Leo umechelewa, Celedonio." Pale nitapafuta. Panaharibu sauti ya injini.